Punda wa Doña Refugio

Mji mzima wa Palo Quemado ulimwita Domitila Arvizu Mama Punda, naye aliitika. Angefanyaje? Jina la utani ukilikataa ndiyo umelipiga gundi. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono minene ya kukanda unga, mdomo usio na breki, na kila asubuhi alioka tortila, chapati za kwao za ngano, nyembamba hata mwanga unapita. Huku Sonora, kaskazini mwa Meksiko, chakula bila tortila si chakula, kwa hiyo hata waliomchukia walipanga foleni mlangoni kwake.

Mtoto alikuwa na mmoja tu, Nicanor, fundi wa pancha ng'ambo ya barabara. Siku waliyomchukua ilikuwa Jumamosi, jua la utosi, watu wamejaa sokoni. Pikapu ilisimama, wakashuka watu wenye bunduki na vitambaa usoni, wakamwuliza kwa nini ameziba pancha ya gari la maadui zao. Kijana wa watu akasema tairi halina jina la mtu. Basi, wakachukua spana yake mwenyewe, ile ya kufungulia magurudumu, wakampiga nayo mdomoni mpaka meno yakadondoka kwenye oili. Domitila alikuja mbio, mikono bado myeupe kwa unga, akamng'ang'ania mwanawe shati. Mmoja akamshindilia kitako cha bunduki kwenye taya. Alipoanguka, mkono wa shati ulibaki kiganjani mwake, mkono mzima wa kushoto, umechanika begani, na pikapu ilikuwa imeshaondoka.

Hakuna aliyeona kitu. Ajabu ya Mungu hiyo! Mtaa mzima kupofuka macho kwa wakati mmoja, na jioni yake kuona vizuri tu. Askari wa zamu alimwambia, "Subiri, mama, vijana wa siku hizi wanafuata wasichana." Domitila alimtemea damu mezani, akaenda zake.

Akaingia kwenye kundi la akina mama wanaotafuta. Kazi yao unaijua ukishaiona mara moja: nondo iliyopindwa kichwani, nyundo, na pua. Unaipigilia nondo ardhini palipobonyea, unaichomoa, unanusa ncha. Ikinuka, mnachimba. Kiapo chao ni kimoja, nao wanakisema hadharani, hata redioni, ili wenye bunduki wasikie na wawaache wafanye kazi: hatutafuti wakosaji, tunatafuta watoto wetu. Domitila alikiapa huku amesaga meno.

Mwaka wa kwanza tu, kwenye korongo kavu nyuma ya zizi bovu la mbuzi, nondo yake ilitoka inanuka. Akapiga magoti. "Ni hapa," akasema. "Jamani, ni hapa." Wanawake wakachimba wakilia, wengine wameshaanza sala za wafu, mpaka sepetu ya Chayo, jirani yake aliyekuwa akimtafuta binti, ikagonga kitu. Chayo akainama, akavuta, likatoka sikio. Sikio refu, lenye manyoya, limekatwa ncha.

"Domitila," Chayo akasema, "mwanao alikuwa na masikio hivi?"

Ikawa kicheko! Si cha ubaya, ni kile cha watu waliojiandaa kulia, kikawapiga mpaka wakakaa chini, hata Domitila mwenyewe mbavu hana. Wakamfukia punda wao, wakafunga utepe mweupe kwenye mti, ishara ya kwamba hapa pameshatafutwa. Na kwa kuwa sikio lililokatwa ncha lilijulikana mji mzima, kesho yake Domitila alimwambia Doña Refugio, yaani Bi Refugio, mteja wake wa kila siku, "Yule punda wako aliyepotea nimekupatia. Ila hatabeba tena kuni."

Doña Refugio, mjane, mwanamke wa kanisani, hakucheka. Alichukua tortila zake akaondoka bila kusubiri chenji. Domitila akadhani bibi alimpenda sana punda.

Miaka tisa ikapita hivyo. Mabango ya Nicanor aliyabandika kwenye nguzo, mvua ikayala, wagombea uchaguzi wakabandika nyuso zao juu yake, na watu wakazoea. Na mazoea, mwenzangu, ni mabaya kuliko bunduki, maana bunduki angalau unaiogopa. Siku moja Domitila alimwona mtu amejibanza kwenye nguzo anajikuna mgongo kwa uso wa mwanawe. Alimpiga kofi mbele za watu. Halafu akarudi nyumbani akawaza.

Kuanzia wiki iliyofuata, tortila zake zote alizifunga kwenye karatasi iliyopigwa chapa. Katikati uso wa Nicanor, anacheka, na chini yake maneno: HUYU YUKO WAPI? MTU WA HAPA ANAJUA. Kila meza ya Palo Quemado, saa sita mchana, ukifungua chakula unakutana naye.

Loo, makelele yake! "Domitila, mimi siwezi kula na maiti mezani," alisema mke wa mwuza nyama.

"Nani kakwambia ni maiti? Unajua kitu?"

"Mimi? Sijui kitu!"

"Basi kula. Asiyejua kitu chakula kinapita."

Wengine walihamia kwa mwokaji mwingine, tortila zake nene kama soli, wakarudi wenyewe kabla ya Jumapili.

Halafu wakaja wale. Wawili, saa ya foleni, bila hata vitambaa usoni. Mmoja akafunga mlango, wa pili akachukua karatasi moja, akaitazama, akaikunja vizuri. "Tumekuheshimu sana, mama. Hizi karatasi ziishe leo."

"Nirudishieni mwanangu ziishe sasa hivi."

Yule wa mlangoni akamkaba shingo. Mwenzake akamshika mkono wa kulia, ule wa kugeuzia tortila, akaubandika kwenye bamba la chuma lililokuwa motoni, kiganja chini, akaukandamiza kwa kiwiko. Chumba kikanuka nyama. Alipiga yowe lililofika kanisani, na wateja nje ya mlango, wallahi sisemi uongo, walisimama palepale wametazama viatu vyao. Walipomwachia, ngozi ilibaki kwenye bamba. Jamaa akalipangusa kwa ile karatasi yenye uso wa Nicanor, akaitupa motoni.

Siku ya tatu alifungua duka. Mkono umefungwa matambara, anakanda kwa kushoto, tortila zimepindapinda kama ramani, na kila moja imefungwa kwenye uso uleule. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Hakuna aliyelalamikia umbo.

Wa mwisho alikuwa Doña Refugio. Alisubiri wote waondoke. Mikononi hakuwa na kikapu, alikuwa na karatasi za tortila, rundo zima, zimenyooshwa moja moja.

"Mwanangu hali chakula," akasema.

"Abundio?" Domitila alimfahamu. Risasi ya uti wa mgongo ilimkalisha kwenye kiti cha magurudumu mwaka juzi, na mama yake akasema ni majambazi. "Anaumwa?"

"Nikifungua chakula anapiga kelele. Nikimpa bila karatasi anaidai, anaitazama, halafu anapiga kelele. Jana kaniambia, mwite." Bibi akaliweka rundo la karatasi mezani. "Domitila, punda wangu hakupotea. Alichukuliwa zizini na mwanangu, siku ileile waliyomchukua Nicanor. Uliponiambia umempata nilimwuliza, akanifuata na kisu jikoni. Nikanyamaza. Ni mwanangu, nikanyamaza. Miaka yote hii nanunua tortila kwako, zinanikaba."

Domitila akashika ukingo wa meza. Punda. Nani huku humzika punda? Punda akifa anaburutwa porini, tai wanamaliza kazi, tangu enzi za mababu. Hata mtoto anajua hivyo. Na wao, watafutaji, wanawake kumi na wawili wenye akili zao timamu, walimkuta punda amechimbiwa kaburi refu kuliko la padri, wakakaa wakacheka! Wakafunga na utepe!

Alichukua nondo, akachukua nyundo, akamfuata bibi.

Abundio alikuwa barazani, amekonda, blanketi miguuni kwenye joto lile. Alipomwona akaanza kulia. "Shikamoo, Doña."

"Usinisalimie. Sema."

"Chini ya punda. Tuliambiwa mama zao wananusa, tuweke mnyama juu. Mkimkuta mnyama mnaacha."

"Nani alimpiga na spana?"

Abundio akalivuta blanketi magotini.

"Nimekuuliza, Abundio!"

"Mimi."

"Na mlipomfukia," sauti ya Domitila ikashuka, "alikuwa amekwisha kufa?"

Kijana alitazama magoti yake yasiyosikia kitu. "Alikuwa anaita," akasema. "Alikuwa anakuita wewe. Tukamshusha punda juu yake, akanyamaza."

Domitila alisimamisha ncha ya nondo kwenye kifua cha Abundio, palepale penye moyo, kama anavyoisimamisha ardhini. Mkono wa kushoto ukainua nyundo. Doña Refugio alikuwa mlangoni. Angeweza kupiga kelele, majirani wako hapo. Alifunika uso kwa shela. "Piga, mwenzangu," akasema. "Sitakushika."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na hapo walikuwa wazazi wawili.

Nyundo ilishuka. Haikushukia nondo, ilishukia mkono wa kulia wa Abundio ulioshika kiti, na vidole vikapasuka kama kuni kavu. Akalia vibaya. Domitila akapiga tena, pale pale, mpaka mkono ukawa hauna umbo, damu ikamrukia kwenye aproni. "Huo ni wa meno yake," akasema, anahema. Akainua mara ya tatu, na safari hii kweli aliitazama nondo. Halafu akaitupa nyundo chini.

"Nikikuua, walipo watoto wengine nitamwuliza nani?"

Walikwenda korongoni mchana uleule, kundi zima, na utepe ulikuwa bado mtini, umegeuka kijivu. Mifupa ya punda waliitoa mmoja mmoja, Chayo akiipokea na kuipanga pembeni kwa adabu, machozi yanamtiririka. "Nilicheka, Domitila. Mimi ndiye nilianza kucheka."

"Sote tulicheka. Chimba."

Chini ya punda kulikuwa na chokaa, na chini ya chokaa kulikuwa na shati la fundi, la buluu, limeshikamana na mbavu. Domitila aliwasukuma wote, akashuka shimoni mwenyewe, akafuta udongo kwa mkono wenye matambara. Mkono wa kulia wa shati ulikuwepo. Wa kushoto haukuwepo. Akaingiza vidole ndani ya gauni lake, kifuani, akatoa ule mkono wa shati uliobaki kiganjani mwake, alioufua na kuupiga pasi miaka tisa, akaulaza begani pa shati, mchaniko kwa mchaniko, ukakubali. Hapo ndipo alipolia, na lilikuwa yowe lilelile la siku ya bamba.

Walimzika Ijumaa, kwa jina lake, na mji mzima ulikuja. Hata mke wa mwuza nyama alikuja, amevaa nyeusi kuliko mfiwa.

Jumamosi duka lilikuwa wazi. Foleni ikasimama kwa heshima, watu wanampa pole, wengine wakimwita Mama Nicanor kana kwamba hawajawahi kumwita vingine. Mzee mmoja alipokea tortila zake, akaitazama karatasi, akashangaa. Haukuwa uso wa Nicanor. Ulikuwa wa msichana mwenye nywele za kusuka, binti yake Chayo.

"Lakini, Doña, wewe wako si umeshampata? Karatasi za nini tena?"

"Zamani ulikuwa hujui kitu, mzee. Leo unajua nini?"

Mzee akaondoka mbio. Nyuma yake alikuwa Doña Refugio, amesimama mbali kidogo na wenzake, maana habari zilikuwa zimeenea na hakuna aliyetaka kumgusa. Alikuja akanyoosha mkono, macho chini, hana hakika kama atauziwa. Domitila alihesabu tortila zake za kila siku, akazifunga, halafu akachomoa karatasi nyingine nne kutoka kwenye rundo, nyuso nne tofauti za watoto wa wenzake, akaziweka juu.

"Mpelekee Abundio," akasema. "Mwambie ale akiwatazama. Nitapita mchana kumsikiliza."