Kitambaa cha Inverta

Miaka ile ya soko huria, mama mmoja wa Sombetini alifunga inverta, kisanduku cha kuongoza mwendo wa mota, kwenye mashine yake ya kusaga. Kila siku kikawa kinalia king'ora cha joto na mota inazima. Nikifika mimi fundi, kimya. Nikiondoka, kinalia. Nilishasafisha feni, nikapima mota, nikakaza nyaya. Nikachoka kuchezewa. Siku hiyo niliaga, nikafika getini, nikageuka ghafla. Nikamkuta mama anakifunika kile kisanduku kwa kitambaa cheupe cha kufuma, matundu yote ya hewa yameziba.

“Mama, ndiyo nini hiyo?”

“Kisiingiwe na unga, fundi. Wageni wakija ndiyo nakifunua.”

Nikavuta kiti, nikakaa. “Basi leo mgeni haondoki.”