Picha ya Bibi Kabla ya Kivuko

Tulikuwa karibu kuvuka ziwa kwenda Kamanga kumzika bibi, na picha yake ya kutangulia jeneza ilikuwa bado ndani ya kadi ya kamera. Mashine yangu ndogo ya kuchapa picha ilisisitiza kuwa kadi ni tupu. Niliichomoa kadi, nikaipangusa vumbi, nikairudisha. Nikashuku betri, kisha akili yangu.

“Shahada zote hizo mwanangu, picha moja tu inakushinda?” akauliza shangazi.

Ndipo nikakumbuka: kwenye kompyuta nilikuwa nimeipa kila picha jina la mtu na ukoo wake, ilhali mashine husoma majina ya tarakimu yaliyotolewa na kamera pekee. Nikairudishia picha ya bibi tarakimu zake. Akatokea kwenye karatasi, akitabasamu.

Shangazi akaichukua, akakimbilia kivukoni. Mimi bado sielewi kwa nini ilinibidi nimfute jina ndipo aonekane.