Kiti Kilichokwama

Fundi aliye jirani na duka langu hapa Rongo ana magari mawili ya spoti ya zamani, Datsun ya Kijapani na MG ya Kiingereza. MG ilikuwa ya kakake, yule mrefu tuliyemzika Agosti, na mjane wake ameomba gari moja liuzwe, lolote, apate pesa. Wanaokusanya magari ya kale wakija kulinganisha, fundi hufuta mikono kwa kitambaa kilekile cheusi, kisha huisifu Datsun kwa sauti ya chini: injini haisumbui, spea zinapatikana. MG huiponda. Inavuja oili, inachemka, na kiti cha dereva kimekwama nyuma kabisa. Yeye mwenyewe akiiwasha kila Jumapili hukaa ukingoni mwa kiti hicho, miguu ikitafuta pedali.

Jana mama mmoja kutoka Kisumu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi napenda hiyo mbaya." Akaingia, akavuta chuma kilicho chini ya kiti. Kiti kikateleza mbele bila hata mlio.

"Kumbe hakijakwama, fundi."

Fundi alizidi kufuta mikono iliyokwisha takata.

"Rudisha hiyo kiti nyuma, madam," akasema. "Magoti ya kaka yangu haitatoshea hapo."