Nili Kwenye Kadi ya Harusi

Jina letu la ukoo ni Nili, na kwa miaka mingi nililionea haya. Babu yake baba alikuwa mtia rangi nguo huko bara ya Oman, kabla hajahamia Unguja. Alichovya vitambaa kwenye mitungi ya nili mpaka mikono ikawa ya buluu hadi viwikoni, na watu wakamwita kwa rangi hiyo. Kazi ile ilikufa naye, jina likabaki kwetu.

Baba alilipenda. Kila Ijumaa baada ya chakula alitutajia Nili mashuhuri: yule mtia rangi, kisha dada yake aliyekuwa mkunga mtaa wa Ng'ambo kule Unguja, akazalisha nusu ya mtaa, kisha ami yake baba mwenyewe, fundi wa redio. Mimi nilikuwa nikitazama sahani. Mashuhuri gani hao? Shuleni wenzangu walitaja makadhi na maliwali wa kwao.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, sisi tumesharudi Oman na tunakaa Maskati, nikaposwa na watu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kabila kubwa. Kwa watu kama wao utiaji rangi ulihesabiwa kazi duni, lakini walishakubali na hakuna aliyeniuliza kitu. Woga ulikuwa wangu mwenyewe.

Baba aliandika maneno ya kadi kwenye karatasi, akanituma duka la kuchapa kadi, mtaa wa Ruwi. Ndani ya gari nikatoa kalamu, nikalikata Nili kila lilipotokea, nikaacha jina la baba na la babu tu.

Kadi zilipokuja, baba alisoma moja mara mbili, akauliza jina liko wapi. Nikamwambia, bila hata kumeza mate, kwamba yule Muhindi wa dukani amesahau. Akavaa kofia yake, akaenda Ruwi.

Alirudi karibu na alasiri. Mkononi alikuwa na ile karatasi, na mikato yangu juu yake.

"Yule bwana hakusahau," alisema. "Nshamwomba radhi, maana nlimfokea mbele ya wateja wake."

Alikaa sebuleni, akafungua maboksi, akaanza kuandika Nili kwa mkono, kadi moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wake wa karani wa zamani. Mama alimletea kahawa, ikapoa. Nilisimama mlangoni masikio yananiwaka kwa aibu, wala sikuthubutu kuchukua kalamu nimsaidie.

Asubuhi yake nilimbusu mkono kama tulivyozoea. Kalamu ilikuwa imevuja, na wino wa buluu ulikuwa bado umemganda vidoleni. Nilitaka kumwambia anisamehe. Nikamuuliza kama ameshakunywa dawa yake ya presha. Akasema ameshakunywa.

Kadi zikagawiwa. Mama mkwe wangu aliisoma yake, akauliza nani mwenye mwandiko mzuri vile, basi.

Baada ya harusi nilimwona baba karibu kila Ijumaa, miaka saba mizima. Tulikula, akataja mashuhuri wake, nami nikamsikiliza vizuri, nikidhani kusikiliza kutatosha. Kisha akafariki. Baba alimwomba radhi siku ile ile Muhindi asiyemjua hata kwa jina. Mimi bintiye sikumwomba yeye hata mara moja.