Nyumba ya Mzee Shaame Kwenye Ramani ya Mafuriko

Wananchi wa Kengeja mnatangaziwa, kwa heshima zote, kwamba nyumba ya Mzee Shaame Safari haijapata kuingia maji tangu ilipojengwa. Maji yanayoonekana kila masika yakitoka mlangoni mwake ni ya udhu.

Ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma khutba. Alijenga bondeni, katikati ya mipunga, kwa sababu kule juu alikaa kaka yake, na kumwomba kaka yake kiwanja kungemuua. Mkewe, Bi Kazija, alikipandisha kitanda juu ya matofali. Mzee akawaambia wageni kuwa ndiyo fasheni.

Masika haya wakaja wataalamu wa mafuriko, vijana wa mjini wenye buti mpya na kidege cha kupigia picha. Mkubwa wao, bwana Nyange, aliwaeleza wakulima habari za matumizi ya ardhi kana kwamba mpaka siku ile walikuwa wakiitazama tu. Kila ardhi iliyofikiwa na maji itatiwa rangi yake, alisema. Maji kwenye mpunga, buluu. Mpunga na maji ni ndugu. Maji kwenye nyumba za watu, nyekundu. Ramani itabandikwa kwa sheha, kila mtu aione.

Mzee Shaame aliposikia nyekundu, aliikumbuka posa. Mwanawe Suhail alikuwa amemposa Ruweida wa Wesha, na ami yake binti, Mzee Abrahman, alishasema wazi kuwa wao hawamtoi mtoto akaishi na vyura. Wataisubiri hiyo ramani, ndipo wajibu.

Basi mzee akaingia kazini. Alipanda miche ya mpunga uani, akapanda ubavuni, akapanda mpaka kwenye ngazi ya baraza. Bati akalifunika makuti mabichi. Majirani walikuja kumsaidia, si kwa mapenzi; walitaka kuona upumbavu kwa karibu. Bi Kazija aliuliza kama na jikoni apande. Mzee alifikiri kidogo, akasema apande.

Kidege kikapita juu, kikaona kijani. Nyange hakushuka bondeni, alizionea huruma buti zake. Aliuliza kutoka barabarani.

"Mzee, hapo pana nini?"

"Mpunga."

"Na kile kipaa?"

"Dungu, mwanangu. Twalindia ndege."

Mtaalamu akabonyeza kishikwambi chake, akaridhika, akaenda kula. Chuo kizima cha mtu kikaishia hapo, kwenye tope asilotaka kulikanyaga.

Ramani ilipobandikwa, Mzee Shaame aliitazama kama bwana harusi anavyojitazama kwenye kioo. Bonde zima buluu. Akapeleka salamu Wesha, waje.

Wakaja, Mzee Abrahman mbele, kanzu zimepigwa pasi zikasimama zenyewe. Walipitia kwa sheha kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na walipofika ukingoni mwa bonde walimkuta mwenyeji kasimama barazani, miche imemzunguka, anatabasamu.

"Yakhe Shaame," alisema Mzee Abrahman, "nyekundu tumeitafuta hatukuiona, alhamdulillahi. Lakini na nyumba hatukuiona. Sheha katuonesha kwa kidole, hapa shamba. Sasa mtoto wetu tunamwozesha mpungani?"

Wenzake walicheka wakiziba midomo kwa kofia zao. Majirani nao walikuwa wameshasogea, kila mmoja na kisingizio cha jembe begani. Mzee Shaame alitazama nyuma, ndani, ambako ndara za Bi Kazija zilikuwa zinaelea polepole kuelekea chumbani. Akisema ni shamba, hana pa kumweka bibi harusi. Akisema ni nyumba, itabidi waingie. Suhail, kwenye kona ya baraza, alikuwa amefumba macho.

"Nyumba ipo, mkwe," alisema mzee. "Pandisheni kanzu."