Niliteka Kodiani ya Petro Siku ya Sinema

Nimekosa, jamani. Nimekaa na jambo hili tangu nikiwa msichana, na sasa hata meno yamekwisha. Wote wanaoijua habari hii wanasema ulikuwa utani uliozidi kidogo. Haukuwa utani! Nilikusudia.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni wajukuu zangu. Kutwa wanabishana juu ya zile filamu za mpelelezi za mfululizo, nani alizitungia muziki mzuri, yule wa zamani au huyu wa sasa. Juzi wamenuniana hata ugali hawakula pamoja. Nikasema moyoni, hawa hawajui bibi yao alifika wapi kwa ubishi kama huu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mgodi wa madini ya risasi wa hapa Mpanda ukiwa bado unafanya kazi. Kila mwezi gari la sinema lilikuja kwenye kiwanja cha kambi ya wachimbaji. Mwenye gari, Bwana Zakaria, alikuwa na picha ya mpelelezi, vipande vingi, kila safari anatuonyesha kimoja. Picha ilikuwa nzima, ila spika ilikufa. Bubu kabisa! Basi akawa anatueleza kwa mdomo, na akaruhusu wapiga muziki wetu wakae chini ya shuka jeupe la kuonyeshea picha, wapige wanachoona kinafaa.

Walikuwa wawili, wakipokezana: Ramadhani Kasogela wa gita na Petro Joachim wa kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kukunja. Kila mmoja alimtungia mpelelezi muziki wake. Mpanda ikagawanyika! Kisimani, sokoni Kashaulili, popote: "Wewe wa gita au wa kodiani?"

Mimi nilikuwa wa gita, na mdomo nilikuwa nao. Rafiki yangu Yustina, mdogo wake Petro, alikuwa wa kodiani. Tulitwanga kinu kimoja, michi miwili.

"Mpelelezi ananyata nyumbani kwa adui, Ramadhani wako anapiga kama harusi!" anasema Yustina. "Adui si ataamka?"

"Na kaka yako je? Kodiani inalia kama ng'ombe anazaa! Naogopa hata mlango haujafunguliwa."

"Ndiyo kazi ya muziki hiyo, we Mkonongo! Uogope kabla. Asali imekuziba masikio?"

"Afadhali mimi. Nyie Wafipa masikio yenu yalipeperushwa na upepo wa huko kwenu!"

Tunacheka mpaka mchi unakosa kinu. Sisi Wakonongo, warina asali, na Wafipa ni watani, kutukanana ni haki yetu. Hata kutekana vitu. Mtani anachukua kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unaleta jogoo, unarudishiwa hapo hapo. Ndiyo sheria.

Sasa ukweli niliouficha. Petro ndiye aliyekuwa fundi! Mpelelezi akiweka mkono kwenye kitasa cha mlango, Petro aliacha kupiga. Kimya. Kiwanja kizima hakuna anayepumua. Mlango ukifunguka, anavuta sauti moja tu, nyembamba, mwili wote unasisimka. Ramadhani hakuwa na kitu kama hicho. Nilijua, nikakana.

Bwana Zakaria akatangaza: kipande cha mwisho wote wawili watapiga, atakayempendeza ataondoka naye kwenye gari, kazi ya mshahara, Tabora mpaka Kigoma. Petro alikuwa mchimbaji, na vumbi la mgodini lilishaanza kumkohoza. Yustina aliniambia, "Akipata hii, anatoka shimoni." Aliniambia mimi!

Nami nilishaapa kisimani mbele ya wanawake wote kwamba Ramadhani asipochukuliwa, nitavaa mkufu wa magunzi nizunguke soko zima. Wakaanza kunikusanyia magunzi. Kila nikipita, "Binti Kalinde, njoo tukupime shingo!" Nilichomwa moyo, nyie.

Siku yenyewe, mchana, nikaingia kwa kina Yustina. Kodiani ilikuwa kitandani, imefunikwa kanga. Nikaibeba, nikatoka nayo napiga vigelegele: "Nimeteka! Mfipa alete jogoo!"

Watu wakacheka. Petro naye, ametoka kuoga maji yanamchuruzika, akacheka. "We Mkonongo, umekosa mume ndio unateka kodiani?"

Nilifika nyumbani nikaifukia ndani ya kihenge cha mahindi.

Jua bado liko juu Petro akaja, jogoo mwekundu kwapani. "Haya mtani, chukua huyu, nipe changu. Leo nina kazi."

Nikampokea jogoo. Kihenge kilikuwa nyuma yangu, hata hatua kumi hazifiki. Nikasema, "Iko Misunkumilo kwa shangazi Nyamizi. Kaifuate."

Akanitazama. "Leo, mtani?"

"Kwani umekasirika?"

Akakunja suruali, akakimbia. Nilijua shangazi yuko shambani mpaka jua lizame. Nilijua Petro atamsubiri. Yote hayo niliyapanga nimeshika jogoo wake mkononi!

Jioni kiwanja kikajaa. Ramadhani alikuwa anamalizia zamu yake Petro alipotokea, mavumbi mpaka magotini, mikono mitupu. Bwana Zakaria akaita, "Petro Joachim! Zamu yako!"

Yustina akapita katikati ya watu mpaka nilipokaa, akanishika mkono. "Dada, iko wapi? Niambie nikimbie. Si utani sasa."

Huku kwetu mtani akishasema hivyo, unaacha. Kila mtu anajua. Na nyumbani kwetu hapakuwa mbali, angewahi! Nusura niseme. Nikawaona wale wanawake wa magunzi wananitazama.

Nikacheka. Nikasema kwa sauti, "Si mnaye mpelelezi wenu? Mtumeni akaitafute!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Bwana Zakaria akangoja kidogo, akatikisa kichwa, akamwambia Ramadhani aendelee.

Kesho yake asubuhi nikairudisha, makapi ya mahindi yamejaa kwenye mikunjo. Gari lilishaondoka na Ramadhani. Watu walikusanyika kusikia Petro atanitukana vipi. Nami nilitaka anitukane, Mungu wangu, nilitaka sana! Akaifuta kwa kiganja, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ahsante kwa kunitunzia."

Mimi msichana, yeye mwanaume mwenye ndevu! Nilicheka peke yangu. Toka siku hiyo kila tukikutana ni hiyo shikamoo, na anapita. Mtani akianza kukuheshimu, amekwisha na wewe. Yustina alikuja kuchukua mchi wake, hata kuketi hakuketi.

Petro hakutoka shimoni mpaka kifua kilipomshinda. Alipofariki nilikwenda, maana watani ndio wenye msiba, ndio wanaochekesha wafiwa na kuzuia jeneza mpaka walipwe. Nikaanza kupaza sauti: "Amka Mfipa, umelala mchana!" Yustina akainuka kwenye mkeka. Hakupandisha sauti.

"Mleteeni mama kiti. Ni mgeni wetu."

Nikaletewa kiti. Nikakaa, mikono mapajani, watani wengine wakifanya kazi yao.

Nyie mnaobishana juu ya muziki wa filamu, bishaneni mpaka sauti zikauke, ni raha. Lakini mwenzako akikwambia utani umekwisha, acha papo hapo, hata kama watu mia wanakutazama. Na kama unajua moyoni kwamba fundi ni wa upande wa pili, sema angali anakusikia. Mimi nimesema leo, na Petro hayupo.