Goti Chini ya Sketi

Mjukuu wangu amerudi kutoka kwenye mazoezi ya mpira ananuka dawa ya kuchua, ile kali inayowasha macho, nami nimeshindwa kukaa. Nimepanga vyombo, nimevipangua. Ana miaka kumi. Anacheza mwaka mzima, likizo hana. Nimemuuliza kama anaumwa, akasema, "Niko sawa, jajja." Sikumwamini. Nitawaambia kwa nini.

Baada ya vita vya mwaka themanini na sita, baba yangu alikuwa konstebo. Tulikaa kambi ya polisi upande wa Bugolobi, katika vile vibanda vya mabati vya duara vinavyochemka mchana kama sufuria. Jioni wasichana tulicheza kwepena: wawili wanarusha mpira wa majani makavu ya mgomba, wewe katikati unaukwepa huku ukijaza chupa mchanga. Ukichoka, unatoka, unakwenda kuchota maji. Hakuna anayekuuliza.

Sajini mmoja akaona ninavyokwepa, akanitia kwenye timu ya netiboli ya watoto wa kambi. Tangu hapo ikawa mazoezi asubuhi, mazoezi baada ya shule, mazoezi hata siku ya Krismasi. Baba alisema kuna shule ya bweni inayochukua wachezaji bila karo. Mashindano ya mwaka huo yakiisha, watachagua. Kwa mtoto wa konstebo, mlango mwingine haukuwepo.

Kisha goti la kulia likavimba. Nililifunga kitambaa chini ya sketi. Kila siku kabla hatujakimbia sajini aliuliza, na sasa najua aliuliza kwa moyo, "Nani iko mgonjwa?"

"Hakuna, afande!" tulipaza sauti wote. Watoto wa kambi tulikuwa na jibu moja tu la kumpa mtu mwenye cheo.

Rafiki yangu Akello, tuliyecheza naye timu moja, alinicheka. "We unakimbia kama bata ya Mama Opio!" Nikampiga kibao.

Siku moja mama alikuwa anapita na debe la maji kichwani. Sajini akauliza swali lake, tukaitika. Mama akasimama.

"Huyu iko mgonjwa," alisema, bila kutua debe. "Goti yake imevimba, anakudanganya."

"Mama, si wamesema hakuna?" sajini aliuliza.

"Hiyo ni woga inasema. Funua, wewe!"

Nikafunua. Sajini akaangalia, akaitoa filimbi mdomoni, akaniambia niende nyumbani. Nilitamani ardhi inimeze.

Goti lilichukua miezi kupona. Shule ikamchukua Akello. Mimi niliishia darasa la sita, na baba hakuchoka kumwambia mama, "Wewe umemfungia mtoto mlango." Mimi nami nilikaa wiki nyingi simwamkii mama.

Nilidhani hakujua shule ni kitu gani, maana yeye hakusoma hata siku moja. Mpaka nilipopata watoto wangu ndipo nikakumbuka: kila alipofua alinipa karatasi ya sabuni nimsomee kwa sauti. Nikimaliza anasema, "Tena." Nasoma tena maneno yaleyale, naye anaacha kufua ili asikie.

Alijua. Pale uwanjani alijua vizuri kuliko baba, kuliko sajini, kuliko mimi, kitu gani anakitupa. Akakitupa, mguu wangu ubaki.